Tatuu za muda na vipini vya kubandika kwa waigizaji: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale kila wiki. Mbona tatuu yangu inang'aa kama nailoni? Siwezi kuchora tu kwa maka peni? Hazama itakaaje puani mwa mtu ambaye hajatogwa? Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, namna ninavyofanya mwenyewe, kuanzia kwenye printa hadi usiku mwigizaji anapofutwa tatuu na kwenda zake.

Anayeanza hudhani kazi hii ni kuchora. Kuchora ni nusu. Nusu nyingine ni kurudia kitu kile kile, mahali pale pale, siku nyingine. Filamu hupigwa kwa kurukaruka. Mwigizaji anafungua mlango leo, anaingia chumbani wiki ijayo, na kwa mtazamaji hizo ni sekunde mbili. Niliwahi kubandika nyoka mkononi mwa mwigizaji, kichwa kikaishia kwenye mfupa wa kifundo. Siku tatu baadaye nikabandika mwingine kwa kukisia. Kwenye uhariri jamaa anakunja mkono wa shati, picha inakatwa, na nyoka amerudi nyuma vidole viwili. Mhariri aliirudisha ile sehemu mara tatu mbele yangu, hakusema neno. Tangu siku hiyo napima.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kwa tatuu:

- Karatasi ya tatuu za muda. Huja kwa jozi: moja ya kuchapia, nyingine ya gundi iliyofunikwa kwa plastiki. Soma pakiti ujue ni ya printa ya wino au ya leza. Karatasi ya printa ya wino ukiiingiza kwenye ya leza, joto linaweza kuyeyusha tabaka lake humo ndani, na hapo umepoteza karatasi na printa.
- Alkoholi ya isopropili: ya asilimia 70 kwa kusafishia ngozi, ya asilimia 99 kwa rangi za alkoholi.
- Kibao cha rangi za alkoholi, zile kavu zinazolainika kwa alkoholi. Hizi ni za kurekebishia na kuchorea kwa mkono.
- Gundi ya ngozi inayotumika kwa vipodozi vya filamu, pamoja na kiondoa gundi chake. Usinunue kimoja bila kingine.
- Poda isiyo na rangi, na nyingine inayolingana na ngozi ya mwigizaji.
- Wembe, pamba, sponji, brashi nyembamba, mkasi mkali, futi ya kushonea, na karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga.

Kwa vipini na pete:

- Waya wa vito wenye unene wa milimita 0.8, na mwingine wa milimita 1.2.
- Nusu shanga bapa za chuma au kioo, za milimita 2 na 3.
- Koleo ndogo, msasa laini au tupa ya kucha, kibano.
- Gundi ya kope bandia. Angalia kama ina lateksi, kwa sababu wapo wanaodhurika nayo.

Maka peni acha nyumbani. Wino wake haukutengenezwa kwa ngozi, hubadilika rangi chini ya taa, na ukiuondoa unabaki kivuli cha zambarau. Gundi ya papo kwa papo isikaribie ngozi ya mtu kabisa.

Halafu kuna piko, hina nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu, haitoi nyeusi. Weusi wa haraka mara nyingi hutokana na dawa ya kutia nywele rangi, iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo ikiwekwa ngozini inaweza kuunguza, kuacha makovu, na kumfanya mtu adhurike na rangi za nywele maisha yake yote. Hata hina safi haifai kazi hii: huendelea kukolea kwa siku moja au mbili kisha huanza kufifia, kwa hiyo kila siku ya kupiga picha una tatuu ya rangi nyingine, na huwezi kuifuta jioni.

SEHEMU YA KWANZA: TATUU

1. Jaribu ngozi kwanza, angalau siku mbili kabla. Weka tone la gundi na kipande cha karatasi ndani ya mkono wa mwigizaji, kiache saa 24. Muulize pia kama ana mzio wa plasta, lateksi au nikeli. Wengi hawasemi mpaka waulizwe.

2. Pata mchoro ulio wako. Usiuchukue mtandaoni, na usinakili tatuu ya mtu maarufu. Mwaka 2011 mchoraji aliyemchora Mike Tyson usoni aliishtaki kampuni ya Warner Bros. kwa sababu mhusika wa filamu yao alivaa mchoro kama ule. Walimalizana nje ya mahakama, lakini wewe huna mawakili wa Warner Bros. Chora mwenyewe, au pata ruhusa ya maandishi. Kama kuna maneno, mpe ayasome mtu anayeijua lugha hiyo. Kama kuna alama, hakikisha si ya kundi ambalo mwongozaji hakulikusudia.

3. Rekebisha rangi kwenye kompyuta. Hapa ndipo tatuu nyingi za filamu zinapojulikana kuwa za uongo. Wino wa tatuu ya kweli umekaa chini ya tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo tunauona kupitia ngozi. Ndiyo maana hata weusi wake si weusi wa gazeti. Umeegemea bluu au kijani, na kadiri miaka inavyokwenda kingo zinatawanyika. Badilisha nyeusi tupu iwe kijivu kizito chenye bluu, punguza ukolevu kidogo, na kama mhusika alichorwa zamani, tia ukungu kiasi kwenye kingo. Ya jela ipinde mistari kidogo. Iliyonyooka sana hakuna atakayeiamini.

Kwenye ngozi nyeusi hesabu inabadilika. Printa ya kawaida haina wino mweupe, na tatuu hizi hupitisha mwanga, hivyo kila kilicho cheupe kwenye mchoro wako kitakuwa rangi ya ngozi, na manjano au waridi vitazama visionekane. Usipoteze muda na maua ya rangi saba. Chagua mistari minene, nafasi wazi kati yake, na nyeusi iliyokolea zaidi kuliko ambayo ungetumia kwenye ngozi nyeupe. Mchoro wenye mistari membamba iliyosongamana, ukisimama hatua tatu nyuma unaonekana kama doa. Kama hadithi inadai rangi kweli, zipake kwa mkono juu ya tatuu, kwa rangi za alkoholi.

4. Geuza mchoro kabla ya kuchapisha, kushoto kuwe kulia. Karatasi inabandikwa kifudifudi, kwa hiyo maneno yasipogeuzwa yatasomeka kinyume. Mimi huandika neno GEUZA kwa herufi kubwa kwenye jina la faili, na bado kuna siku nimesahau.

5. Chapisha nakala za kutosha. Mwigizaji akiwa na siku 6 za kupigwa picha, mimi nachapisha 9, zote kwa wakati mmoja na printa ile ile. Ukichapisha nyingine wiki ijayo, wino utakuwa na rangi yake. Kumbuka na yule anayechukua nafasi yake kwenye matukio ya hatari, naye anahitaji zake.

6. Acha wino ukauke vizuri, kisha bandika karatasi ya gundi juu yake polepole ukianzia ukingo mmoja, ukisukuma hewa kwa kadi ngumu. Kila povu la hewa litakuwa tundu kwenye tatuu. Kata ukifuata mchoro, ukiacha ukingo wa milimita 1 hadi 2. Usiache mraba mzima, maana ule ukingo mtupu ndio unaong'aa.

7. Tayarisha ngozi. Nyoa vinyweleo, na kama ngozi ya mtu huwasha baada ya wembe, anyolewe jana yake. Futa kwa alkoholi ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe. Mwambie mapema asipake losheni wala mafuta asubuhi hiyo. Atapaka tu, kwa mazoea, kwa hiyo futa mara mbili.

8. Pima. Chagua alama mbili za mwili zisizohama: baka dogo la ngozi, mkunjo wa kiwiko, mfupa wa kifundo. Pima umbali kwa futi na uandike. Halafu lalisha ile karatasi ya plastiki juu ya ngozi, chora juu yake alama hizo pamoja na mzunguko wa tatuu, kata tundu pale tatuu inapokaa. Hiyo ndiyo ramani yako. Iandike jina la mhusika, upande wa mwili, na mshale wa juu. Kesho unailaza, unalinganisha alama, huna haja ya kukisia.

9. Mweke mwigizaji katika mkao atakaoonekana nao zaidi. Shingo aangalie mbele, asiigeuze kukurahisishia kazi. Kiwiko kikunjwe kidogo. Ukibandika ngozi ikiwa imevutwa, ikirudi mchoro unajikunja.

10. Bandika. Toa plastiki, lalisha karatasi mara moja bila kuisogeza, maana ikishagusa imeshagusa. Kandamiza kwa kiganja. Lowesha nyuma kwa sponji yenye maji mpaka karatasi inywe yote, subiri sekunde 30, kisha itelezeshe. Isipoteleza, usivute, ongeza maji. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa, usisugue.

11. Ua mng'ao. Tatuu ikishakauka, kandika poda kwa brashi laini, ifute iliyozidi, kisha gusa kwa sponji yenye unyevu. Kwenye ngozi nyeusi tumia poda kidogo sana au ile inayolingana na ngozi, la sivyo mkono utapauka kama wa mtu aliyeshinda kwenye vumbi la saruji. Kisha chukua rangi ya alkoholi ya rangi ya ngozi, nyembamba kama chai ya maji, uipitishe juu ya tatuu kwa sponji yenye matundu, kwa kugonga tu. Tabaka hili ndilo linaloufanya wino uonekane umo ndani ya ngozi. Wengi hulipita hatua hii, halafu wanalaumu karatasi.

12. Piga picha: moja ya karibu, moja ya mwili mzima, mbele ya ukuta mtupu na taa ile ile kila siku. Kisha mpeleke mbele ya kamera itakayotumika. Jicho lako husamehe mng'ao ambao taa ya seti haitausamehe.

Tatuu iliyobandikwa vizuri hukaa siku moja hadi tatu, kutegemea ipo wapi na mtu anatoka jasho kiasi gani. Mgongo huvumilia. Mikononi, shingoni na karibu na kwapa, mimi hubandika mpya kila asubuhi.

Kuhusu alkoholi: inashika moto haraka. Chupa ifunikwe, chumba kiwe na hewa, asiwepo anayevuta sigara, na usipake karibu na macho. Kwenye uso, mimina kwenye kisosi, chovya brashi, kamulia kwenye karatasi kwanza. Tone likitiririka kwenye jicho, siku ya kazi imeharibika.

SEHEMU YA PILI: VIPINI, HAZAMA NA PETE

Kwanza marufuku. Wauzaji wengi watakupa vipini vya sumaku, kimoja nje ya pua na kingine ndani. Usivitumie puani wala mdomoni. Sumaku hizi ndogo zina nguvu mno. Zikibana ukuta wa pua kutoka pande mbili, zinazuia damu na zinaweza kutoboa ukuta huo kweli. Zikimezwa mbili, zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu katikati ya sini (tukio moja la filamu) ya kulia, kipini cha ndani kinaweza kumwingia. Kwenye ndewe ya sikio sawa, kwa muda mfupi. Kwingine, hapana.

Na usimtoge mtu kwa ajili ya filamu, hata akikubali mwenyewe. Tundu bichi huvimba, hutoa maji, na huwa na sura tofauti kila siku unayolipiga picha.

Kipini cha pua

1. Safisha bawa la pua kwa pamba yenye alkoholi kidogo. Ngozi ya hapo ina mafuta kuliko unavyodhani.
2. Tafuta mahali. Kipini cha kweli hukaa kwenye mkunjo unaozunguka bawa la pua au juu yake kidogo. Kikiwa chini sana kinaonekana kama chunusi ya dhahabu.
3. Kwa brashi nyembamba weka nukta ya rangi ya kahawia nzito, ndogo kuliko shanga. Hicho ndicho kivuli cha tundu. Kama mhusika ametogwa juzi, zungushia wekundu hafifu.
4. Weka tone la gundi mgongoni mwa nusu shanga ya milimita 2, subiri sekunde 30 mpaka inate. Gundi mbichi huteleza.
5. Bandika kwa kibano, shikilia sekunde 20. Gundi iliyochungulia pembeni itoe kwa kijiti cha pamba.

Hazama au pete ya pua

1. Zungusha waya wa milimita 0.8 kwenye kitu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 8, kama mpini wa keekee, ile ya kutobolea mbao. Ukiuachilia utafunguka kidogo.
2. Kata ubakize mwanya mdogo. Pete isiyotoboa hushika kwa kubana, kwa hiyo mwanya uwe mwembamba kidogo tu kuliko bawa la pua.
3. Ncha inayoingia ndani ikunje iwe kijitanzi, isichome. Ncha ya nje iwe bapa, ilale vizuri juu ya ngozi.
4. Piga msasa, kisha zipake ncha rangi ya kucha isiyo na rangi, mipako miwili, ziache usiku kucha. Inasaidia kuzuia nikeli isiguse ngozi. Mwenye mzio wa nikeli mtengenezee ya titani. Hata chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, pamoja na jina lake, mara nyingi kina nikeli ndani.
5. Ivishe pale bawa la pua lilipo nene, kisha itelezeshe mpaka mahali pake. Nukta ya kahawia mahali ncha ya nje inapogusa, tone la gundi chini yake, basi.

Pete ya katikati ya pua ni ile ile kwa waya wa milimita 1.2, lakini isibane. Iondoe kila mnapopumzika. Mwigizaji akisema pua inakufa ganzi, au ukiona ngozi imepauka, toa hapo hapo, mwongozaji atasubiri.

Nyusi, mdomo, kitovu

Ya nyusi ni nusu shanga mbili za milimita 3, moja juu na moja chini ya nyusi, kwa mshazari, zikiachana milimita 8 hadi 10. Katikati hakuna kitu. Ubongo wa mtazamaji huchora fimbo yenyewe. Ukiinua ngozi kidogo kati yake kwa tabaka jembamba la gundi lililokaushwa, inaonekana kuna chuma chini.

Chini ya mdomo bandika shanga kwenye ngozi kavu, mbali na ukingo wenye unyevu. Sini ya kula, kubusiana au kupigana, itoe kabisa, chora nukta na kivuli. Ulimi usiuguse. Kipande kilicholegea mdomoni hukaba, na mtu anaongea vibaya. Mweleze mwongozaji abuni njia nyingine.

Kitovu ni rahisi, pete yenye mwanya inashika mkunjo wa juu. Hakikisha tu haikwami kwenye nguo.

Andika idadi ya vipande unavyomvisha asubuhi na uvihesabu jioni. Ukikosa kimoja, kitafutwe kabla hajaondoka. Pete ya mtu mmoja isivaliwe na mwingine, na sponji kila mwigizaji awe na yake.

YANAPOHARIBIKA

Tatuu inapasuka kwenye mkunjo. Usibandike nyingine juu yake. Jaza nyufa kwa rangi ya alkoholi na brashi nyembamba, ukigusagusa. Kama inapasuka kila siku, umeibandika mkono ukiwa umenyooka.

Kingo zinainuka. Ngozi ilikuwa na mafuta, au uliacha ukingo mpana. Chovya kijiti kwenye gundi ya ngozi, pitisha chini ya ukingo, subiri mpaka gundi iwe angavu, kandamiza, tia poda.

Inang'aa kwenye kamera tu. Poda tena, halafu muombe mtu wa taa asogeze kidogo. Mara nyingi anaweza kufanya kwa dakika moja kitu ambacho wewe utahangaika nacho robo saa.

Imekaa pembeni na sini inaanza. Omba wasogeze muda wa kupiga picha, usisogeze tatuu kwa vidole. Ikishakauka haisogei. Futa, weka nakala ya akiba. Ndiyo maana ulichapisha 9.

Kipini kinadondoka kila dakika kumi. Mwigizaji anapenga kamasi au anatoka jasho. Badili gundi ya kope kwa gundi ya ngozi, na baada ya kuifuta ngozi ikaushe kwa kipepeo cha mkono kabla ya kubandika.

Ngozi inawasha au inatoka vipele. Ondoa kila kitu, osha kwa maji na sabuni laini, usirudie gundi hiyo kwa mtu huyo. Kuvimba kope au midomo, au kupumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Mwigizaji ana tatuu yake ya kweli inayochungulia chini ya ya bandia. Ifiche kwanza: rangi ya chungwa au nyekundu huua bluu ya wino, juu yake rangi ya ngozi, kisha poda. Halafu subiri ikauke kabisa kabla ya kubandika, la sivyo zote mbili zitaondoka pamoja.

Haitoki usiku. Usikwangue. Lowesha pamba kwa kiondoa gundi au mafuta ya mtoto, iweke juu ya tatuu dakika moja au mbili, kisha viringisha kingo kuelekea katikati kwa kidole. Mabaki ya rangi za alkoholi yafute kwa kiondoa chake, maana alkoholi tupu hukausha ngozi, na kesho asubuhi utarudi mahali pale pale. Osha kwa sabuni, paka losheni, mwambie asiguse tena mpaka saa ya kubandika. Kikibaki kivuli cha kijivu, kiache. Kesho kitafunikwa na tatuu yenyewe.